Rolling Stones na Led Zeppelin Mbele ya Deni la Bluzi

Watu wanaposhindana kwa maneno juu ya bendi mbili za muziki wa roki, aghalabu hesabu ndiyo hutangulizwa. Mmoja hutaja idadi ya santuri zilizouzwa, wa pili hutaja umati uliofurika uwanjani, na wa tatu huhesabu miaka. Kwa hesabu ya miaka, Rolling Stones, iliyoanza mjini London mwaka 1962 na ikatoa albamu ya tungo mpya hata mwaka 2023, imeishi umri mara tano wa Led Zeppelin, iliyozaliwa mwaka 1968 na kuvunjika mwaka 1980. Lakini umri si sanaa. Mbuyu huishi kuliko mwembe, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba matunda yake ni matamu zaidi.

Nakusudia kuzipima bendi hizi kwa mizani nyingine, ambayo msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatakosa kuitambua. Nauliza: kila moja ilikifanyia nini kile ilichokiazima? Maana zote mbili ni bendi za vijana weupe wa Uingereza walioianza kazi yao kwa kuimba tungo za watu weusi wa Marekani. Zote mbili zilitumbukiza ndoo katika kisima kimoja, na kisima hicho ni bluzi.

Yafaa nieleze kwa ufupi bluzi ni nini, kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kuishughulikia. Ni bahari ya wimbo iliyokua miongoni mwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, wana na wajukuu wa watumwa. Umbo lake la kawaida lina vipande 12 vya mapigo: mshororo wa kwanza huimbwa, wa pili huurudia, na wa tatu huwajibu hao wawili. Baina ya mshororo na mshororo, gita au kinanda cha mdomo hupewa nafasi ya kuitikia. Mishororo mingi haikuwa na mwenyewe. Ilihama kutoka kinywa hadi kinywa kama zihamavyo methali, na kila mwimbaji aliitia katika wimbo wake bila ya kuomba ruhusa. Robert Johnson, aliyerekodi tungo 29 katika miaka ya 1936 na 1937 akafa mwaka 1938 hali ana miaka 27 tu, alichukua mengi kwa waliomtangulia. Basi mtu asidhani kwamba kuazima kulianza na Waingereza.

Bluzi ikasafiri pamoja na wenyewe. Muddy Waters alitoka Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943, na huko gita lake likaingia umeme ili lipate kusikika juu ya makelele ya mji. Katika mji huo huo alikuwapo Willie Dixon, mzaliwa wa Vicksburg mwaka 1915, mpiga besi mwenye mwili mkubwa na mtunzi wa nyimbo katika kampuni ya Chess. Dixon alitunga kwa ajili ya Muddy Waters, kwa ajili ya Howlin' Wolf, na kwa ajili ya Otis Rush. Jina lake nitalirudia mara nyingi katika insha hii, maana ndilo uzi unaozifunga bendi zetu mbili.

Kabla sijaendelea, naomba ruhusa ya kuazima istilahi moja nyumbani. Washairi wetu wanaijua takhmisa. Mtunzi wa baadaye huchukua mishororo miwili ya mtunzi wa kale, akaitangulizia mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anavyosemwa kuzifanyia beti za Liyongo. Uzuri wa takhmisa ni kwamba mshono haufichwi. Msomaji aona mahali nguo ya kale ilipoishia na mpya ilipoanzia, akapata kuwasikia washairi wawili katika ubeti mmoja. Bluzi si takhmisa, na sitaki kuuvuta mfano huu hata ukatike. Walakini watupa swali jema la kuwauliza Waingereza hawa: mshono wao waonekana, au umefichwa?

Tuanze na Rolling Stones, kwa kuwa ndio waliotangulia. Mick Jagger na Keith Richards walikuwa wamejuana utotoni, wakapotezana, wakakutana tena mwaka 1961 katika stesheni ya gari la moshi ya Dartford. Jagger alikuwa amechukua kwapani santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, na santuri hizo ndizo zilizofungua mazungumzo. Bendi yenyewe ilipata jina lake katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Mwezi wa Juni mwaka 1964 walifika Chicago wakarekodi katika studio ile ile ya Chess, namba 2120, South Michigan Avenue, wakautungia mlango huo wimbo usio na maneno uitwao kwa anwani yake. Sijui heshima iliyo wazi kuliko hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo walitoa "Little Red Rooster", utungo wa Dixon ambao Howlin' Wolf alikuwa ameurekodi mwaka 1961. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza mwezi wa Desemba 1964, jambo lisilokuwa la kawaida kwa bluzi ya polepole kama ile. Ukiisikiliza leo, jambo la kwanza utakaloliona ni uchache wake. Brian Jones atelezesha kichupa juu ya nyuzi za gita, sauti ikapanda na kushuka kama mtu anayelalamika usingizini. Charlie Watts agusa ngoma kwa kiasi cha mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hakuna aliyejaribu kumshinda Wolf, na hiyo ni busara. Taksiri imo katika sauti ya Jagger. Kijana wa Kent aliyesoma katika chuo cha uchumi London aimba kwa lafudhi ya mkulima wa Mississippi, na mara kwa mara barakoa yamwanguka. Ni mwanafunzi hodari aliyehifadhi somo lakini hajalifahamu lote.

Mwezi wa Mei mwaka 1965 walialikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho "Shindig!", wakatoa sharti kwamba Howlin' Wolf naye aletwe. Wolf akaja, mtu wa umbo kubwa, akaimba mbele ya kamera, na vijana hao wakaketi chini miguuni pake. Wamarekani weupe wengi walimwona mwimbaji wa nchi yao wenyewe kwa mara ya kwanza kwa sababu wageni kutoka ng'ambo walimdai. Nalitaja tukio hili si kwa kuwasifu kwa tabia njema, maana tabia zao katika mambo mengine hazikuwa za kuigwa. Nalitaja kwa kuwa laonyesha namna walivyousikia muziki wao wenyewe, kuwa ni jibu kwa mtu aliyesema kwanza.

Led Zeppelin ilikuja miaka sita baadaye, na ilikuja na watu wa namna nyingine. Jimmy Page na John Paul Jones walikuwa mafundi wa kuajiriwa katika studio za London, waliokwisha kupiga katika santuri za watu wengi kabla ya kutimiza miaka 25. Robert Plant na John Bonham walitoka mikoa ya kati ya Uingereza, nao hawakuwa na umaarufu. Page mwenyewe amesema kwamba albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwezi wa Januari 1969, ilichukua muda wa saa 36 za studio. Katika albamu hiyo zimo tungo mbili za Dixon, na jina la Dixon limeandikwa chini ya zote mbili kama ipasavyo.

Moja ya tungo hizo ni "I Can't Quit You Baby". Kwa bahati njema wimbo huu watupa mtihani wa haki, maana Rolling Stones nao waliurekodi, wakauweka mwisho wa albamu yao "Blue & Lonesome" ya mwaka 2016. Mtunzi ni mmoja, maneno ni yale yale, bahari ni ile ile. Aliyeuimba kwanza ni Otis Rush, mjini Chicago mwaka 1956. Ni habari ya mtu aliyenaswa katika mapenzi yanayoivunja nyumba yake. Ajua kwamba hana budi kuachana na mwanamke huyo, na ajua kwamba hawezi.

Plant alikuwa na miaka 20 alipouimba. Sauti yake ni ya ajabu kwa urefu na nguvu, lakini aitumia yote tangu mwanzo, kama mtu anayeingia dukani na kumwaga fedha zote mezani kabla ya kuuliza bei. Page ampigia gita kwa vidole vya haraka mno, na mahali pengine vidole vyajikwaa, naye hakuurudia upigaji huo ili kuyafuta makosa. Nampenda kwa hilo. Nyuma yao Bonham akanyaga ngoma kubwa kwa mguu mzito, na bendi yote huinuka kwa kishindo na kuanguka kwa kunong'ona, kuinuka na kuanguka, mpaka mwisho. Jagger, kwa upande wake, alikuwa na miaka 72. Albamu yote ilirekodiwa London kwa siku tatu katika mwezi wa Desemba 2015, na Eric Clapton, aliyekuwa akifanya kazi yake katika jengo lile lile, akaitwa kuja kupiga gita. Hapo barakoa ya mwaka 1964 haionekani tena. Mzee aimba kwa sauti yake mwenyewe iliyochakaa, akatua, akapuliza kinanda cha mdomo, akangoja gita limjibu.

Msomaji mwepesi atakata shauri papo hapo: wimbo wa nyumba iliyovunjika wamfaa mzee aliyeishi, haumfai kijana asiye na nyumba ya kuvunja. Mimi nami niliwahi kuwafundisha wanafunzi hivyo. Nilikosea. Otis Rush alizaliwa mwaka 1934, na alipourekodi wimbo huo kwa mara ya kwanza naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Hata hivyo ukimsikiliza, huna shaka kwamba nyumba inaanguka. Basi tofauti haimo katika umri. Imo katika mpangilio wa sauti. Rush aimba mshororo, kisha gita lake mwenyewe lasema lile ambalo kinywa kimeshindwa kulisema. Koo na nyuzi vyapokezana zamu kama watu wawili waliokesha pamoja. Zeppelin waliivunja zamu hiyo. Page hamjibu Plant. Ashindana naye, na mara nyingine wote wawili wasema kwa wakati mmoja. Stones waliilinda zamu, na kwa kuilinda walikaribia maana ya Dixon, ingawa sina budi kukiri kwamba hatari imewapungukia. Upigaji wao una raha ya watu wanaokijua chakula wanachokila. Wa Zeppelin una njaa.

Zamu hiyo ndiyo siri ya sanaa yote ya Rolling Stones, hata katika tungo zao wenyewe. Chukua "Honky Tonk Women" ya mwaka 1969. Richards alikwisha kuliondoa uzi mnene kabisa gita lake, akabaki na nyuzi tano, akazikaza kwa namna ambayo mkono ukizipiga wazi hutoa sauti zinazopatana. Hiyo ni namna ya zamani ya wapiga bluzi. Kwa nyuzi tano huwezi kusema mengi, nawe walazimika kunyamaza mara kwa mara. Watts naye alikuwa na desturi ya pekee: kila alipoipiga ngoma ndogo, mkono wa pili aliuinua usiguse matoazi, ili pigo lile lisimame peke yake. Katika bendi nyingi gita humfuata mpiga ngoma. Katika Stones mpiga ngoma humfuata mpiga gita, akachelewa kwa kiasi cha kope kufunga na kufunguka. Kuchelewa huko hakuwezi kuandikwa kwa noti, lakini ukikuondoa wimbo wafa. Watts alipofariki mwezi wa Agosti 2021, waliobaki walimpata mpiga ngoma stadi wa kushika nafasi yake. Kuchelewa kule kulikwenda na mwenyewe.

Nafasi wanayoiacha Stones aweza kuingia mtu mwingine, na mara moja aliingia mtu aliyewazidi wote. Katika "Gimme Shelter", utungo uliofungua albamu ya Desemba 1969, waliitiwa usiku mwimbaji mweusi wa kike, Merry Clayton, aje studio ya Los Angeles. Alipokuwa akiuinua mshororo wake juu kabisa sauti yake ilipasuka, na mpasuko huo wasikika katika santuri mpaka leo. Hawakuufuta. Dakika zile Jagger ni mwitikiaji tu katika wimbo wake mwenyewe. Kwa maoni yangu hicho ni kilele cha bendi hii, na ni kilele walichokifikia kwa kumpisha mtu. Lakini katika jalada la kwanza la albamu hiyo jina la mama huyu liliandikwa kwa makosa, "Mary" badala ya "Merry". Kosa ni dogo, na msomaji alikumbuke tutakapofika kwenye madeni.

Led Zeppelin hawapishani, wajenga. Asiyeufahamu ujenzi huwasikia kuwa wapiga makelele, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wasiofahamu. Page alikuwa msimamizi wa urekodi wa albamu zote za bendi, na aliifikiri studio kama mwashi anavyoufikiri ukumbi. Kipaza sauti kikiwekwa karibu na ngoma, alijua, hunasa ngoma. Kikiwekwa mbali, hunasa na nyumba. Katika "Kashmir" ya mwaka 1975 gita na vinanda vyahesabu tatu ilhali Bonham ahesabu nne bila ya kuyumba, hesabu mbili zikapishana na kukutana tena, na kwa hilo wimbo wa dakika zaidi ya nane waonekana kwenda bila ya kufika. Jina lisimpoteze msomaji, maana Plant aliyapata maneno yake katika safari ya jangwa la kusini mwa Moroko, wala hakuwa amefika Kashmir.

Lakini jengo lao kubwa ni "When the Levee Breaks", wimbo wa mwisho katika albamu ya nne, ya mwaka 1971. Asili yake ni santuri ya mwaka 1929 ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, mume na mke. Joe aliimba, na Minnie, mmoja wa wapiga gita bora wa zama zake, alipiga. Habari yake ni gharika ya mto Mississippi ya mwaka 1927, iliyowaondoa mamia ya maelfu ya watu katika makao yao. Vibarua weusi walilazimishwa kujaza matuta ya kuzuia maji chini ya ulinzi wa bunduki, na maji yaliposhinda wakawekwa katika kambi wasizoruhusiwa kutoka. Ukiisikiliza santuri ya kale hutasikia kishindo chochote. Gita mbili zaenda mbio nyepesi, karibu na furaha, na mwimbaji asimulia kwa utulivu wa mtu ambaye kwake balaa si habari mpya.

Zeppelin walifanya kinyume kabisa. Katika nyumba ya kale iitwayo Headley Grange waliziweka ngoma za Bonham chini ya ngazi, wakavining'iniza vipaza sauti viwili juu, ghorofani, ili vinase mwangwi wa ukumbi mzima. Kisha wakaupunguza mwendo wa utepe, sauti zote zikawa nzito kuliko maumbile. Plant apuliza kinanda cha mdomo, na mwangwi wake umegeuzwa utangulie badala ya kufuata. Matokeo yake ni kwamba tangu pigo la kwanza wayasikia maji. Joe na Minnie waliisimulia gharika. Zeppelin waliileta ndani ya nyumba, wakamtia msikilizaji katikati yake. Hapo hawakumwiga mtu wala hawakushindana na mtu. Walilitazama jambo lile lile kutoka upande ambao watungaji wa kwanza hawakuwa na vyombo vya kulitazamia. Sioni utungo wa kuazima katika kazi yote ya Rolling Stones ulio sawa na huu.

Na katika utungo huu jina la Memphis Minnie limeandikwa pamoja na majina manne ya bendi. La Joe, aliyeuimba, halimo.

Sasa tufike kwenye madeni. Mwaka huo huo wa 1969 ambao Zeppelin walimtaja Dixon katika albamu ya kwanza, walitoa albamu ya pili yenye "Whole Lotta Love", wimbo uliowapa jina duniani. Maneno yake kwa sehemu kubwa ni ya "You Need Love", utungo wa Dixon ambao Muddy Waters aliuimba mwaka 1962. Chini yake yaliandikwa majina manne, na la Dixon halikuwamo. Katika albamu hiyo hiyo "The Lemon Song" ina mwili wa "Killing Floor" ya Howlin' Wolf, naye hakutajwa. Dixon alifungua mashtaka mwaka 1985, wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987, hali mzee amekwisha kupita miaka 70. "Dazed and Confused" ya albamu ya kwanza ilikuwa wimbo wa Jake Holmes wa mwaka 1967. Holmes alishtaki mwaka 2010, wakapatana pia. Haki yataka niseme kwamba katika shauri la "Stairway to Heaven" baraza la mahakama la mwaka 2016 liliwapa Zeppelin ushindi, na mahakama ya rufani ikauthibitisha mwaka 2020. Si kila dai lililoletwa juu yao lilikuwa la kweli.

Wala Stones hawana mikono mieupe. "The Last Time" ya mwaka 1965 imesimama juu ya wimbo wa dini wa Staple Singers, nao waliandika majina yao wenyewe. Nakala za mwanzo za "Prodigal Son" ya mwaka 1968 ziliwapa Jagger na Richards utungo wa mchungaji Robert Wilkins. Tungo mbili za Robert Johnson walizozirekodi zilihesabiwa kuwa hazina mwenyewe, mpaka mahakama ya rufani ya Marekani ilipoamua vinginevyo mwaka 2000. Kisha ikaja kejeli kubwa. Mwaka 1997 bendi nyingine ya Kiingereza, The Verve, ilitia katika wimbo wake kipande cha vinanda kilichotokana na "The Last Time", ikanyang'anywa haki zote za utungo huo, nazo zikaandikwa kwa Jagger na Richards. Walizirudisha mwaka 2019. Watu wawili walioazima bila ya kutaja waliishi miaka 22 wakipokea malipo ya mtu aliyewaazima wao.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mawakili, hayamhusu mhakiki. Kwamba sauti ya "Whole Lotta Love" haibadiliki kwa jina lililochapwa katikati ya santuri. Wataongeza kwamba mimi mwenyewe nimekiri kuwa mishororo ya bluzi haikuwa na mwenyewe. Hoja hii ina nguvu na sipendi kuipita kimya. Lakini pana tofauti baina ya mshororo unaotangatanga tangu zama zisizojulikana na utungo wa mtu aliye hai, mwenye nyumba na watoto, uliotoka dukani miaka saba tu iliyopita. Zaidi ya hayo, jina katika bluzi hufanya kazi ya sanaa. Nimesema kwamba uhai wa bluzi ni zamu: mmoja asema, mwingine ajibu. Jibu lisilotaja liliyemjibu lapoteza nusu ya maana yake. Kijana wa mwaka 1969 aliyeisikia "Whole Lotta Love" peke yake aliisikia sauti ya mtu anayejigamba. Lau angaliambiwa kwamba nyuma yake yuko Muddy Waters, akiimba maneno yale yale kwa utulivu wa mtu mzima asiye na haraka, angalisikia kijana akimpigia kelele baba yake, nao ungalikuwa wimbo bora zaidi, wenye kichekesho na wenye huzuni. Mshono ulipofichwa, nguo ilipungua thamani mikononi mwa mvaaji mwenyewe.

Kwa hiyo nawaweka Rolling Stones mbele. Siwaweki mbele kwa unyofu, maana tumeona kwamba unyofu wao una matundu. Wala kwa ustadi wa mikono siwezi, maana Page, Jones na Bonham, mtu kwa mtu, ni mafundi wakubwa kuliko wapinzani wao. Nawaweka mbele kwa kuwa waliifahamu zamu, wakaiweka katika mfupa wa muziki wao, hata tungo zao wenyewe zikabaki na mlango wazi ambao Merry Clayton aliweza kuuingia. Katika Zeppelin simwoni mahali pa kuingia. Jengo ni zuri na milango imefungwa, ila mmoja tu, ule wa gharika. Na nikiulizwa ni wimbo gani mmoja ningeuokoa katika kazi ya bendi zote mbili, naogopa kwamba ningeuokoa huo, na hukumu yangu yote ikabaki inanitazama.

Mwanafunzi anayetaka kunipinga, na natumaini wako, aanze na Otis Rush wa mwaka 1956 kabla ya kuwasikiliza Waingereza. Kisha atafute wimbo wa mwisho wa albamu ya Stones ya mwaka 2023. Bendi nzima imeondoka. Wamebaki Jagger na Richards, wazee wa miaka karibu 80, gita moja na kinanda cha mdomo, wakiupiga kwa mara ya kwanza katika santuri ule wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950 waliouchukulia jina. Jina la mtunzi limeandikwa kwa ukamilifu wake, kama alivyopewa na wazazi: McKinley Morganfield.